Mkono wa Kiden

Aliingia bila kubisha, gunia la ufuta kichwani, maji ya mvua yakimchuruzika viwikoni, na kabla hajalitua aliuliza, "Hii meza iko ya nani?"

Nilikuwa peke yangu katika ukumbi wa parokia, Arua. Nilikuwa nimesimamisha nusu ya meza wima, napiga kipira nacho kinanirudia, kama mtu anayejibizana na mwangwi. Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa nimevaa joho la mahafali Kampala, nikiamini kwamba dunia inanisubiri. Dunia haikuwa na haraka. Padri alinionea huruma akanipa funguo za ukumbi: nifagie, nifungue, nifunge, na jioni nifundishe vijana mpira wa meza, mchezo niliokuwa nimeuchezea timu ya chuo.

"Ni ya parokia," nilimjibu. "Mimi naitunza tu."

"Nilikuwa naenda zangu stendi, nikasikia mlio. Nikasema, huyu mutu anapiga vibaya, wacha niingie nimuone."

Akatua gunia, akavua ndala, akachomoa kwenye mkunjo wa kitenge chake mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Ndani mlikuwa na raketi. Mfuko ulipofunguka ilitoka harufu kali iliyonipanda hadi kwenye paji la uso, harufu niliyoijua tangu utoto lakini sikuweza kuitaja papo hapo.

Nikashusha nusu ya meza. Alinifunga kumi na moja kwa tatu, kisha kumi na moja kwa moja, pekupeku, juu ya saruji yenye unyevu, bila kuhema. Pigo lake la kulia lilikuwa na sauti yake peke yake: ta! Kavu, kama kijiti kinachovunjwa gotini. Nilipoisikia sauti ile, kipira kilikuwa kimeshagonga ukuta nyuma yangu.

"Wewe iko na elimu," aliniambia akifunga tena mafundo yake. "Unacheza kama mutu anasoma. Mimi ni Kiden, wa Koboko. Ukifika sokoni, uliza bingwa ni nani. Hata mbuzi atakuonyesha."

Akajitwisha gunia lake akatoka. Mvua ilikuwa haijakatika.

*

Nilimfuata Koboko Jumamosi iliyofuata. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa sababu ya jeraha la moyo. Mtu aliyefungwa kumi na moja kwa moja na muuza ufuta hapati usingizi. Lakini nilipofika na kuona jinsi alivyocheza nyumbani kwake, jeraha lile nililisahau.

Walichezea katika ghala la zamani la tumbaku nyuma ya soko. Meza yao ilikuwa mbao mbili za plaiwudi zilizopakwa rangi ya milango, na wavu ulikuwa kipande cha chandarua. Watu walikuja na viti vyao. Kiden alisimama karibu na meza, mguu wa kushoto mbele, magoti yamekunjwa kama mtu anayetaka kukaa akakumbuka jambo. Alipoanzisha mpira, alipepeta. Sina neno jingine. Kifundo cha mkono kilichoshika ungo tangu utoto kilikipa kipira mzunguko mdogo wa hila. Kikavuka wavu kwa upole kama mgeni mwenye adabu, halafu kikachepuka. Macho yake hayakuwa kwenye kipira. Yalikuwa kwenye kiwiko cha mpinzani.

"Kila mutu iko na mkono wa huku na mkono wa huku," alinifundisha baadaye. "Lakini hapa, kwa kiwiko, hana mkono. Tuma mpira hapo, mwache achague. Akichagua, amechelewa."

Na mpinzani alipochelewa, ndipo lilipokuja lile pigo. Ta! Ghala zima lilipiga kelele. Koboko walimpima mchezaji kwa sauti hiyo. Mwenye raketi inayolia waliamini ana mkono. Mwenye raketi isiyolia, hata akishinda, walisema amebahatisha.

Alikuwa na miaka thelathini na saba. Mara tano alikuwa bingwa wa kanda ya West Nile, na mara tano alirudi kutoka Arua na zawadi zake: beseni, godoro, mbuzi, jozi ya mablanketi, beseni tena. Mashindano yaliishia Arua. Hapakuwa na aliyewahi kumwambia kwamba kuna mahali pengine pa kwenda. Ndiyo maana barua ilipofika mwezi wa tano, ikisema kwamba mwaka huu mshindi mmoja wa wanawake atapelekwa Kampala kwenye mashindano ya taifa, Kiden aliniomba niisome mara mbili, kisha akaniomba nisome tena ile sentensi moja tu.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimekwisha fika hapo katika ndoto. Sasa nataka kufika na miguu."

*

Barua hiyohiyo ilikuwa na mstari mwingine: sheria za kimataifa zitafuatwa. Nikapakua sheria kwenye simu, nikazisoma kama nilivyosoma kila kitu wakati ule, kwa kalamu mkononi. Nilipofika kwenye sehemu ya gundi, mkono ulisimama.

Ile harufu ya mfuko wa plastiki ilikuwa solusheni, gundi ya kuzibia tyubu za baiskeli. Kila mchezaji wa Koboko, saa moja kabla ya mchezo, alikwenda kwa Taban, fundi baiskeli, kwenye kibanda chake kando ya barabara. Taban alibandua raba ya raketi, akapaka tabaka tatu za solusheni, akaacha kila tabaka likauke juani, akabandika tena. Raba ilivimba, ikawa na moto. Hiyo ndiyo ilikuwa ile ta! Hawakujua kwamba ni kosa. Walijua ni matunzo, kama kumnolea mtu jembe kabla ya kulima. Lakini gundi zenye mvuke wa namna ile zilikuwa zimekatazwa duniani kote tangu mimi niko shule ya msingi.

Nilimkuta kwenye meza yake ya ufuta. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku mikono ikiendelea kupepeta, makapi yakiruka, ufuta ukirudi.

"Huko Arua nani atanusa?" aliuliza.

"Hakuna."

"Miaka yote kuna mutu alinusa?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu nimesoma," nilisema.

Akaweka ungo chini. Mteja akaja, akapimiwa, akaenda. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia, na ambalo bado linanichoma.

"Basi ile miaka mitano, nani alishinda? Mimi ama Taban?"

Asubuhi yake alikwenda kibandani mwenyewe. Mimi nilimfuata nyuma kama mshtakiwa.

"Digrii!" Taban aliniita aliponiona. "Ulikwenda chuo miaka mitatu kusoma namna ya kumwaga dawa ya watu?"

"Bandua, Taban," Kiden alisema. "Na usipake kitu."

"Dada, bila dawa hii raba ni ngozi ya mbuzi aliyekufa."

"Bandua tu. Nataka kuona mkono wangu iko wapi."

Taban alisema kweli. Raba ilipokauka bila solusheni, ilisinyaa na kujikunja kama jani la tumbaku. Haikufunika tena mbao. Raketi ya Elena nayo ikawa vilevile.

Elena Yengi ndiye aliyekuwa wa pili pale Koboko. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anasoma uuguzi Kuluva, upande wa pili wa Arua, na alirudi nyumbani mwisho wa wiki. Kiden alikuwa amemfundisha tangu akiwa hajafikia urefu wa meza. Sasa klabu nzima ilibaki na raketi mbili zisizo na solusheni. Moja ilikuwa yangu ya chuo, nyekundu na nyeusi, raba yake inashika kipira kama kiganja chenye asali. Niliitoa siku ileile. Sikuona kwamba nina haki ya kubaki nayo. Ya pili ilikuwa ya dukani, ya watoto kuchezea likizo, ngumu, haina mzunguko, haina moto. Tuliagiza nyingine kutoka Kampala. Mpaka leo haijafika.

Basi wakagawana. Siku ya mashindano ingekuwa rahisi, kwa sababu wangecheza kwa zamu: mmoja akimaliza, anampa mwenzake ile nzuri. Shida ilikuwa mazoezi. Kiden alikuwa na wiki nane za kuujenga upya mchezo wa miaka ishirini.

"Elena," alisema, "niachie hii nzuri siku zote za wiki. Wewe huko Kuluva piga ukuta na hii ya duka. Najua nakuonea."

"Chukua, dada. Mimi nitapata faida gani?"

Kiden alifikiri. "Siku tukikutana sisi wawili, hii nzuri utashika wewe."

Elena alicheka mpaka akashika tumbo. "Tutakutana wapi? Wewe utakuwa fainali. Mimi nitakuwa nje nakula chapati!"

"Nimesema. Mwalimu amesikia."

Nilikuwa nimesikia. Nilicheka pia.

*

Sijawahi kumwona mtu akishindwa kwa bidii kama Kiden alivyoshindwa katika wiki zile. Raketi yangu haikulia. Pigo lake la kulia, ambalo kwa miaka lilimaliza ubishi, sasa lilifika upande wa pili kama salamu. Vijana aliokuwa akiwafunga kwa mkono mmoja huku anakula karanga walimfunga yeye. Watu walibeba viti vyao wakaenda. Waliobaki walibaki kwa utani.

"Bingwa amekuwa bubu!" walimwambia.

"Bubu anasikia," alijibu, na kuokota kipira.

Kulipopambazuka, kabla ya soko kufunguliwa, alikuwa ghalani. Mimi, kwa ruhusa ya padri, nilikuwa nimepanga chumba Koboko kwa wiki zile, kila asubuhi nilimlishia mipira mia tatu, na kila asubuhi alisema, "Ongeza." Tuliacha kutafuta lile pigo. Tulianza na kile ambacho Taban hakuwahi kukipaka, yaani kile kifundo cha mkono na yale macho yaliyotafuta kiwiko. Alijifunza kushinda pointi kwa mipira sita badala ya miwili. Magoti yalimuuma; aliyafunga vitambaa akaendelea. Katika wiki ya sita alinianzishia mpira ambao sikuugusa kabisa. Ulivuka wavu, ukadunda, ukarudi kuelekea kwake. Tulisimama wote wawili tunautazama.

"Huo mpira umetoka wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwako," nilisema.

Na Elena? Aibu yangu ni kwamba sikumfikiria. Tulimwona mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki tulimtumia kama ukuta wa Kiden. Hatukujiuliza msichana anayepiga ukuta wa bweni siku tano kwa kibao kisicho na moto anajifunza nini. Alikuwa akijifunza kutokosea.

*

Mashindano yalifanyika mwezi wa nane katika bwalo la shule moja ya Arua. Raketi yangu ilitembea siku nzima kutoka mkono hadi mkono. Elena alimaliza mchezo wake, akakimbia kumpelekea Kiden. Kiden alimaliza, akaifuta jasho kwenye sketi yake, akamrudishia. Mwamuzi, Bwana Obeti, alicheka. "Leo nyinyi wawili mnakula sahani moja," alisema.

Katika nusu fainali Kiden alikutana na Patricia, mwalimu wa shule ya Ombaci, mtu aliyempa shida miaka yote. Alimfunga seti tatu bila jibu. Hakuna hata pigo moja lililolia. Ulikuwa mchezo wa kimya, wa subira na wa makusudi, kila mpira ukienda pale ambapo Patricia hakuwa na mkono. Baada ya pointi ya mwisho Kiden alikuja kukaa karibu nami kwenye benchi. Hakushangilia. Alifungua kiganja chake cha kulia akakitazama, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Mwalimu," alisema, "ni mimi."

Nikawa nachezea kamba za viatu vyangu.

Alikuwa ameshampa Elena raketi. Elena akaenda mezani kucheza nusu fainali ya pili, na sisi tukakaa kutazama, tumetulia kabisa, tukimsubiri atolewe. Hakutolewa. Alirudisha kila kitu. Mpinzani wake, bingwa wa kambi za wakimbizi za Terego, alipiga na kupiga mpaka akachoka na nafsi yake. Seti ya tano ilipokwisha, bwalo lililipuka, na Elena akasimama katikati ya kelele zile ameshika raketi kwa mikono miwili, uso wake umejaa hofu, anamtafuta Kiden kwa macho.

Ndipo nilipokumbuka.

Alikuja mbio mpaka kwenye benchi. "Dada, shika," alisema. "Mimi nimezoea ile ya duka, si unajua? Wiki nane. Kwangu ni sawasawa."

"Si sawasawa," Kiden alisema.

"Dada, ulikuwa mchezo tu. Tulikuwa tunacheka."

"Wewe ulikuwa unacheka."

Elena alinitazama anisaidie. Nami nilijaribu, Mungu anisamehe. Nilimvuta Kiden pembeni, nikamwambia maneno yote ambayo mtu mwenye shahada anaweza kuyapanga haraka: kwamba mwenye haki akisamehe, deni hufa, kwamba Elena ana miaka kumi na mitano ya mashindano mbele yake, kwamba yeye hana, kwamba huu ndio mwaka, na pengine mwingine hautakuja. Kwamba hakuna mtu bwaloni anayejua habari ya ahadi ile.

"Na habari ya gundi," aliniuliza, "nani alikuwa anajua?"

Niliitazama raketi mkononi mwa Elena.

"Mimi siku zote za wiki nilikuwa na hii raketi," aliendelea, pole pole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nafundishwa kuanzisha mpira. "Huu mchezo umeona leo, nimeununua kwa mikono ya yule mtoto. Alilipa kwanza. Sasa mimi nikatae kutoa?"

"Lakini Kampala, dada Kiden."

Alitazama mlangoni, kule nje ambako pikipiki zilikuwa zikipita.

"Nilitaka sana," alisema. Akaenda kuchukua raketi ya duka.

*

Matokeo kila mtu Koboko anayajua. Elena alishinda, seti tatu kwa mbili, ya tano kumi na moja kwa tisa. Watu wazima waliokuwapo wanasema hawajaona fainali kama ile. Kwamba Kiden, akiwa na kibao kile kisicho na uhai, alitafuta kiwiko cha Elena kwa saa nzima na mara nyingi alikipata. Kwamba kwenye pointi ya mwisho alipiga mpira mzuri, kwenye pembe kabisa, na mpira huo ukatoka nje kwa upana wa unyoya. Elena alikwenda Kampala akafika robo fainali. Mimi sasa nina kazi, naandika ripoti katika ofisi yenye feni, na wenzangu wanapoanza mjadala wa vipaji vya vijijini na jinsi ya kuvipima, mimi husikiliza tu.

Lakini ninapoikumbuka siku ile, siikumbuki seti ya tano. Nakumbuka dakika moja kabla ya seti ya kwanza.

Bwana Obeti aliwaita mezani. Katika mchezo huu, kabla ya sarafu kurushwa, wapinzani hubadilishana raketi ili kila mmoja aikague ya mwenzake. Elena akampa Kiden ile nzuri. Kiden akampa Elena ile ya duka. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Nilimwona Elena akiikumbatia ile ya duka kifuani, vidole vimekaza.

"Dada," alinong'ona, "tubaki hivi."

Obeti alikuwa akipapasa mifukoni, akitafuta sarafu. Watazamaji walikuwa wakigombania viti. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikitazama, na nilikuwa nikiomba, kwa moyo wote, kwamba asirudishe.

Kiden aliigeuza upande mwekundu. Akaigeuza upande mweusi. Akapitisha kidole gumba juu ya raba, kutoka juu hadi kwenye mpini, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya kumpeleka kanisani.

"Iko sawa," alisema, akamrudishia, na akabaki amenyoosha mkono mtupu, akisubiri ile nyingine.